Mtihani wa Mdomo

Mama Nyundo hakuwa mtu wa kungoja. Hata chai ya asubuhi aliinywa amesimama, mkono mmoja umeshika kikombe na mwingine unatafuta viatu. Kazi yake ilikuwa kunadi. Katika ukumbi wa mnada ulioko nyuma ya ghala la mbao alisimama mbele ya watu tangu ujana wake, nyundo mkononi, akiuza makabati, viti vya ofisi zilizofungwa, majokofu yanayonguruma na vitanda vya watu waliohama. Kazi hiyo haitaki kimya. Kimya kikiingia mnadani mnunuzi anapata nafasi ya kufikiri, na mnunuzi anayefikiri huenda zake mikono mitupu. Basi Mama Nyundo akazoea kuziba kila kimya alichokutana nacho, awe kazini, jikoni au hospitalini kwenye foleni.

Na Mungu, kwa mzaha wake, akampa binti mwenye kigugumizi.

Binti huyo nyumbani walimwita Bibie, kwa sababu tangu akiwa mchanga alikuwa na uso wa mtu mzima aliyekuja kukagua nyumba. Alikuwa na akili, tena akili ya kutulia. Lakini neno likifika midomoni linagoma. Linasimama hapo hapo, linagonga mlango, halitoki wala halirudi. Mama yake hakuweza kulivumilia hilo hata kidogo. Bibie akisema "Ma... ma...", mama amekwisha kusema "Maji!" na maji yamo kwenye glasi. Akisema "Ni... ni...", mama amemalizia sentensi nzima, pamoja na sababu zake na salamu juu. Baba mtu, ambaye alikuwa mbebaji wa vitu pale pale mnadani na mtu wa maneno machache, naye alishaambukizwa. Nyumba nzima ilimsemea Bibie, na yeye akitikisa kichwa tu kukubali, mambo yakaenda. Walifanya hivyo kwa mapenzi. Mtu angewaambia wanakosea, wangemshangaa.

Mwaka ambao Bibie alifika kidato cha mwisho, wizara ikaja na jambo lake. Wakubwa walikuwa wamekasirishwa na vijana, eti wanamaliza shule hawajui tofauti ya mbunge na waziri, hawajui sheria inatoka wapi, wanadhani serikali ni magari tu. Ukatoka waraka. Kuanzia sasa hakuna kupewa cheti bila kufaulu mtihani wa uraia. Maswali kumi, saba ndiyo kufaulu. Na ili watoto wasitazamiane, mtihani utakuwa wa mdomo mbele ya mkaguzi, kila swali nusu dakika, kisha kengele. Mzazi mmoja awepo ukumbini kushuhudia, watu wasije wakasema kuna upendeleo. Wakubwa wenyewe wangapi wangepita huo mtihani, waraka haukusema.

Mama Nyundo aliposikia neno "mdomo" aliketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Bibie alikuwa na nafasi yake katika chuo cha maabara. Ilikuwa kazi ya ndoto yake: kukaa na hadubini, kutazama tone la damu mpaka liseme lenyewe ugonjwa uko wapi, na hakuna mtu wa kumharakisha. Chuo kilikuwa kimeshamwambia wazi kwamba siku ya kufungua aje na cheti mkononi. Asipokuja nacho nafasi inakwenda kwa mwingine, na foleni ya wengine ilikuwa ndefu.

"Twende kwa mkuu wa shule," mama akasema. Alishavaa viatu.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mpole aliyejaa mafua. Mama Nyundo alimweleza. Alimweleza kwa kusimama, kwa kukaa, kwa kuzunguka kiti, akagonga meza kwa ngumi pale ambapo kwa kawaida angegonga kwa nyundo. Akasema mtoto anajua kila kitu ila ulimi, na ulimi si kosa la jinai. Akasema apewe karatasi aandike majibu, waone maajabu. Yalikuwa maneno mazuri, na kama mkuu angekuwa mnunuzi, angeondoka pale na makabati mawili.

"Mama, umeeleza vizuri sana," mkuu akasema, akipenga kamasi. "Ruhusa ya kuandika inaombwa na mwanafunzi mwenyewe. Hebu nimsikie yeye. Binti, wewe unatakaje?"

Bibie akainua macho. Akavuta pumzi. "Mi... mi... mi..."

"Mimi nataka kuandika, ndivyo anavyosema," mama akamaliza.

Mkuu akamtazama mama, akamtazama binti, akakunja leso yake. Alisema amesikia, lakini hajamsikia mwanafunzi, na waraka hauruhusu zaidi ya hapo, na yeye ana wakubwa wake. Mama Nyundo akatoka pale amefura. Njia nzima alimsema mkuu wa shule, mafua yake, leso yake, na watu wote wanaokaa ofisini wakijificha nyuma ya waraka. Bibie alitembea pembeni yake, anatazama chini, midomo inacheza kidogo kana kwamba bado yuko kwenye lile neno.

Yakabaki mazoezi. Kila jioni, mnada ukiisha na watu wakitawanyika, Mama Nyundo alimweka Bibie kwenye kiti kimojawapo kilichokosa mnunuzi, yeye akapanda jukwaani na kijitabu cha maswali.

"Swali! Mihimili ya dola ni mingapi, na ni ipi?"

"Mi... mi... mi..."

"Mitatu! Bunge, serikali na mahakama! Safi kabisa, mwanangu!" Nyundo ikagonga, ta. "Swali! Mtu anaruhusiwa kupiga kura akiwa na sifa gani?"

"A... a... awe..."

"Awe raia, awe na umri, awe na akili timamu, awe amejiandikisha! Unaona? Unaona ulivyo hodari?" Ta.

Wakapitia kijitabu chote hivyo, wakakirudia, na kwa hesabu ya Mama Nyundo hakuna swali ambalo Bibie alikosa. Alishuka jukwaani anafuta jasho, ameridhika, roho imempoa.

Baba mtu alikuwa akisukuma jokofu kuelekea stoo. Akasimama, akaegemeza mkono juu yake. "Mke wangu," akasema, "hapo aliyefaulu ni wewe."

"Una maana gani?"

"Sina maana yoyote. Naona tu kwamba cheti watakupa wewe."

Mama Nyundo akamwambia asukume jokofu lake. Lakini maneno yale yalimwingia. Usiku ule alijigeuza kitandani mpaka shuka likatoka kwenye godoro, na asubuhi akajaribu. Alimuuliza Bibie swali moja jikoni, akajibana mdomo kwa mkono. Bibie akaanza, neno likagoma, akafanya kile alichofanya maisha yake yote: akamgeukia mama yake na kusubiri. Hakuwa anahangaika. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliyefika mtoni na kujua mvushaji yupo. Mama alihesabu mpaka tatu, akashindwa, akamalizia. Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomshika. Mtoto huyu hakuwahi hata mara moja kuachwa amalize.

Siku ya mtihani ilifika na jua lake. Uwanja wa shule ulijaa vijana wanaotembea huku na huko wakinong'ona peke yao, kila mmoja na ukuta wake. Wazazi walikaa kwenye mabenchi chini ya ubaraza. Mama Nyundo hakukaa akakalika. Alikwenda mlangoni akarudi, akanyoosha kola ya Bibie ambayo ilikuwa imenyooka, akauliza maji yako wapi, akapewa, hakunywa. Mwalimu wa uraia, kijana mwembamba aliyekuwa na wasiwasi kuliko wanafunzi wake, akapita akamwambia Bibie, "Unayajua yote. Mimi nimesahihisha madaftari yako, najua unayajua." Halafu akamtazama mama kwa jicho la kuomba. "Na wewe, mama, tafadhali."

"Tafadhali nini?"

"Tafadhali tu, mama," mwalimu akasema, akaenda zake haraka.

Ndani, mkaguzi alikuwa mwanamume wa makamo aliyevua kiatu kimoja chini ya meza, maana mguu ulikuwa umemvimba, na macho yake yalionyesha kwamba ameuliza maswali hayo hayo tangu asubuhi. Mbele yake palikuwa na kengele ndogo ya mezani, ile ya kubonyeza kwa kidole. Kiti cha mwanafunzi kilitazamana naye. Kiti cha mzazi kiliwekwa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa hiyo mtoto hamwoni mzazi wake. Waliotangulia walikuwa mvulana mmoja na baba yake muuza nyama, na mlango ukiwa wazi Mama Nyundo alisikia yote. Mvulana alijibu kama kasuku, maneno yameshikana mkia, na mkaguzi alipomuuliza "maana yake nini hiyo?" akamrudishia yale yale kwa kasi zaidi. Kafaulu. Muuza nyama akatoka kifua mbele. Mama Nyundo mori ukampanda, lakini hakukuwa na muda wa kuutumia.

"Mzazi," mkaguzi akasema walipoingia, bila kuinua kichwa. "Ukitoa sauti yoyote, hata kikohozi cha kumwashiria, swali linafutwa na linahesabiwa limekoswa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema Mama Nyundo, akaikalia mikono yake yote miwili.

Swali la kwanza lilikuwa kazi ya kutunga sheria ni ya nani. Bibie akavuta pumzi na neno likatoka kama halijawahi kuwa na ugomvi naye. "Bunge." Mama nyuma akafumba macho kwa furaha. La pili, kura hupigwaje. "Kwa si... si... siri." La tatu likamgomea katikati, kengele ikalia, likaenda. La nne akalipata, uso umemtoka jasho, mishipa ya shingo imesimama. La tano pia. Mama Nyundo alikuwa akisema kila jibu ndani ya kinywa kilichofungwa. Meno yalimuuma. Mguu wake ulicheza wenyewe sakafuni, akaukanyaga kwa mguu wa pili.

"Ni chombo gani kinachotafsiri sheria?"

"Ma... ma..." Bibie akageuza kichwa kidogo, kwa mazoea, kumtafuta mvushaji wake. Hakumwona mtu. Kichwa kikarudi mbele. "Ma... ma... ma..."

"Mahakama!"

Lilitoka. Mama Nyundo mwenyewe alilisikia likigonga ukuta wa mbele na kurudi. Sauti yake, ile ile ya kuuzia makabati. Mwalimu wa uraia aliyekuwa amesimama dirishani akashika kichwa.

"Limefutwa," mkaguzi akasema, akaandika.

Mama Nyundo alijiona mdogo kuliko kiti alichokalia. Alitamani Bibie ageuke amtukane, angalau ajue pa kuweka uso. Bibie hakugeuka. Mabega yake yalipanda, yakashuka, na alipoulizwa swali lililofuata akalijibu, polepole, silabi moja moja, kama mtu anayevuka ubao mwembamba, akafika upande wa pili sekunde moja kabla ya kengele. La nane likaangukia mikononi mwa kengele. La tisa akalipata. Mama alihesabu kwa vidole alivyovikalia. Sita amepata, matatu yamekwenda, na moja katika hayo matatu ni lake yeye, mama mzazi. Limebaki moja. Kwenye hilo moja kulikuwa na cheti, na chuo, na ile hadubini.

"Swali la mwisho," mkaguzi akasema, akajinyoosha. "Taja haki moja ya mtu aliyeshtakiwa, kabla hajahukumiwa."

Mama Nyundo nusura acheke. Hili! Hili ni jepesi, majibu yake yako manne kwenye kijitabu, lolote linafaa. Kuwakilishwa. Kuwakilishwa na wakili. Alilikamata hilo kwa meno, akalishikilia hapo, jasho jembamba linamtiririka mgongoni.

"Ku..." Bibie akasema.

Naam, kuwakilishwa. Sema, mwanangu.

"Ku... ku... ku..."

Nzi alitua kwenye meza ya mkaguzi, akatembea. Nje mtu aliburuta benchi. "Ku... ku..." Mkaguzi aliangalia saa. Mama Nyundo aliuma ncha ya mtandio wake, akaivuta mpaka ikachanika. Hajawahi kukutana na kimya kirefu namna ile, maana hajawahi kukiacha kikue.

Kengele ikalia.

Bibie hakuinuka. Alikaa pale pale, mikono juu ya magoti, midomo imekunjwa kwenye ile silabi. Mkaguzi akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Mguu ulimuuma, alikuwa na njaa, na alimwona mtoto ana akili na amekwama. Akafanya kile ambacho kila mtu mwenye huruma alikifanya kwa Bibie tangu alipojua kusema. Alitazama juu ya kichwa chake.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "tusaidiane. Wewe ndiye unayemwelewa. Alikuwa anataka kusema nini? Niambie nimwandikie, yaishe, kila mtu aende nyumbani."

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, limeshapata joto. Neno moja tu, na mtoto amefaulu. Mama Nyundo alikwisha kuinuka kwenye kiti na kufungua kinywa.

Bibie akageuka.

Mama yake alikuwa anaujua uso ule katika hali zote, au alidhani anaujua. Alizoea kuuona ukimwomba. Safari hii haukuomba kitu. Macho yalikuwa mekundu, shingo imekaza, na midomo ilikuwa bado imelishika neno lake, imelishika kwa nguvu kama mtu anayezuia mlango usisukumwe. Mtoto alikuwa bado yuko kazini. Hakuna mtu aliyekuwa amemwona, wote walikuwa wametazama kengele.

Mama Nyundo akafunga kinywa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akiwaza kwamba huenda anakitupa cheti cha mwanawe dirishani kwa mikono yake mwenyewe, akashika mgongo wa kiti.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Sijui anataka kusema nini, bwana mkaguzi. Muulize mwenyewe." Sauti ilimtoka ndogo, hata yeye hakuitambua. "Umngoje."

Mkaguzi akaifunika kengele kwa kiganja, akaegemea kiti. "Haya, binti," akasema. "Nakungoja."

Bibie akageukia mbele. Wakangoja. Dirishani mwalimu wa uraia hakupumua. Mama Nyundo alisimama pale mikono imekosa kazi, na kile kimya kikaja kikakaa naye, akakiacha kikae. "Ku..." Kilikuwa kirefu. "Ku... si..." Kilikuwa kirefu mpaka akasikia moyo wake mwenyewe masikioni. "Ku... si... ki... lizwa."

Bibie akavuta pumzi. "Kusikilizwa," akarudia, zima zima, safari hii bila kugonga popote.

Mkaguzi akaandika. "Ni sahihi," akasema. "Saba. Umefaulu." Akaanza kutafuta kiatu chake kwa mguu.

Mwalimu wa uraia alipiga makofi peke yake dirishani kisha akaona aibu akaacha. Bibie akasimama, akanyoosha sketi, akaja kwa mama yake na uso umelowa. Mama Nyundo alimkumbatia na hakusema kitu. Neno alilokuwa amelishika kwa meno muda wote ule lilikuwa jingine kabisa, na miaka yote kumi na minane alikuwa na hakika kwamba anamjua mtoto huyu anataka kusema nini.